Mume wangu anataka tujenge Tanga, mimi nataka nyumba hii ya Dordrecht

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mzaliwa wa Tanga, na ninaishi Dordrecht, mji wa Uholanzi ulio jirani na Rotterdam, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, binti wa miaka 12 na mdogo wake wa kiume wa miaka 8. Nimeajiriwa kwa ajira ya kudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Mume wangu anafanya kazi ghalani, bandarini Rotterdam, kwa mkataba unaohuishwa kila mwaka. Tumepanga nyumba ya ghorofani ya shirika la nyumba yenye vyumba viwili vya kulala, na kwa kuwa binti yangu sasa ni mkubwa, hawezi kuendelea kulala chumba kimoja na kaka yake.

Mwaka huu tumeanza kutafuta nyumba ya kununua, au niseme kweli kwamba nimeanza mimi. Nimeipata moja iliyojengwa mwaka 1932, ya katikati katika safu ya nyumba za matofali zilizoshikana kuta, katika mtaa ambao saa mbili usiku husikii chochote ila baiskeli ikipita. Ina dirisha la sebuleni lililotokeza nje, vioo vya rangi juu ya mlango, vyumba vitatu ghorofani, na kibustani kinachotokea kichochoroni. Nilipoingia nilijiona nimefika. Bei waliyotangaza ni euro 339,000. Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja aliyefariki na warithi wake ndio wanaouza. Mnunuzi wa kwanza alijitoa, kwa hiyo imerudi sokoni na watapokea bei za watu mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Dalali wetu, kijana mpole sana, ameniambia kwamba tukitaka kushinda tutoe 355,000, na tuondoe masharti, yaani lile la kujitoa iwapo benki itakataa mkopo na lile la ukaguzi wa jengo, kwa sababu wauzaji hupenda bei isiyo na masharti. Nilimwuliza kwa nini sakafu ya sebuleni inateremka. Mwanangu aliachia gololi ikaenda yenyewe hadi mlango wa jikoni na sote tukacheka. Alisema nyumba zote za umri huo ziko hivyo. Mambo yote haya huwa nayazungumza mimi kwa Kiholanzi, kisha namtafsiria mume wangu tukifika nyumbani.

Shida ni mume wangu. Tuna akiba ya euro 43,000, na tangu tuanze kuiweka tulikubaliana kwamba ni ya kujenga kwenye kiwanja chetu cha Mikanjuni. Sasa anasema nataka kuichukua nyumba ya Tanga na kuwapa Waholanzi. Anasema mkopo wa nyumba ni riba, ingawa mwaka juzi alipokopa fedha za gari hakulitaja neno hilo. Na huo mtaa anasema ukimya wake ni wa watu wasiojuana: "Siku tukipika pilau la maulidi wakaja watu ishirini, ukuta huo utavumilia?" Tulipokwenda kuitazama mara ya pili alisimama tu mlangoni, mikono mfukoni.

Nilimpigia simu mama yangu nikitumaini ataniunga mkono. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo hamrudi tena?" Tangu siku hiyo silali vizuri. Je, nimfuate mume wangu niwaache wanangu wabanane ghorofani, au nisonge mbele nikijua kwamba baadaye atanishukuru?

Mama wa wawili, Dordrecht

Marahaba, mwanangu.

Ahsante kwa barua yenye maelezo ya kutosha, maana wengi huniandikia mistari mitatu wakataka niwaamulie maisha. Wewe unaniuliza jambo moja, Dordrecht au Tanga, lakini ndani yake naona mambo kadhaa yaliyosukwa pamoja: fedha iliyokuwa na ahadi, sakafu inayoteremka, binti anayehitaji chumba, na mume aliyesimama mlangoni bila kusema. Sitakuamulia. Nitajaribu kuyafumua, ili wewe na mwenzako muone mnachogombania hasa.

Niruhusu nianze na ile gololi, kwa kuwa mna tarehe mbele yenu. Sehemu kubwa ya magharibi ya Uholanzi imekaa juu ya udongo laini wa mfinyanzi na mboji, na kwa sababu hiyo nyumba nyingi za zamani zilijengwa juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa chini mpaka kwenye tabaka la mchanga mgumu, na nyingine zikawekwa juu ya udongo huohuo bila nguzo. Mbao hizo hudumu miaka mingi zikiwa zimezama, lakini maji ya ardhini yakishuka chini ya vichwa vyake, hewa huingia na kuvu huanza kuzila. Na zipo zinazoliwa na bakteria hata zikiwa majini. Dordrecht ni miongoni mwa miji inayojulikana kwa tatizo hili, kama zilivyo Rotterdam, Schiedam, Gouda na Zaanstad. Kutengeneza msingi wa namna hiyo hugharimu makumi ya maelfu ya euro, mara nyingine kupita laki moja, na bima ya kawaida ya nyumba hailipi. Zaidi ya hayo, nyumba za safu moja mara nyingi hukaa juu ya msingi mmoja, hivyo hata ukiwa na fedha mkononi huwezi kutengeneza chini ya nyumba yako peke yako mpaka majirani wa pande zote mbili wakubali na wao kutoa zao.

Sisemi kwamba nyumba hiyo ina ugonjwa huo. Sakafu ya mbao ya mwaka 1932 inaweza kuteremka kwa sababu boriti moja imechoka, au kwa sababu jengo lilikaa vizuri ardhini miaka sabini iliyopita na halijasogea tena. Ninachosema ni kwamba jibu la "zote ziko hivyo" halitoshi, na kwamba jibu lenye uzito linaweza kupatikana kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Manispaa huweka kumbukumbu za majengo na unaweza kuziomba. Mkaguzi wa majengo anaweza kuajiriwa hata kabla hamjatoa bei, kwa euro mia kadhaa, na wapo wataalamu wa misingi wanaopima kama mistari ya matofali ya ukuta wa mbele bado imelala sawa kutoka mwanzo wa safu mpaka mwisho. Tena mwulize dalali, kwa maandishi, mnunuzi wa kwanza alijitoa kwa sababu gani. Sheria ya Uholanzi inamtaka muuzaji aseme kasoro anazozijua, lakini nayo inamtaka mnunuzi achunguze, na warithi ambao hawakuishi humo wanaweza kudai kwa haki kabisa kwamba hawakujua. Mikataba ya nyumba za umri huo mara nyingi huwa na kifungu cha uzee wa jengo, kinachosema mnunuzi anaelewa kwamba asitegemee ubora wa nyumba mpya. Ukishakitia saini, kulalamika baadaye kuhusu sakafu ni kazi ngumu. Mambo madogo, kama mabomba ya risasi ambayo nyumba za kabla ya mwaka 1960 zinaweza kuwa nayo, au bati la asbesto kwenye banda la bustani, mkaguzi huyohuyo atakuambia.

Sasa huyo kijana mpole. Katika barua yako unamwita "dalali wetu". Mwanangu, je, ni wenu? Hukusema nani aliyemwajiri. Kama ndiye aliyetangaza nyumba, analipwa na warithi na kazi yake ni kuwapatia wao bei nzuri. Hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya, na wala ushauri wake si wa uongo, kwa maana ni kweli kwamba bei isiyo na masharti huwavutia wauzaji. Lakini tazama nani anabeba hatari. Mkataba wa kawaida wa Uholanzi humtaka mnunuzi aweke asilimia 10 ya bei, au dhamana ya benki ya kiasi hicho, na akishindwa kukamilisha bila kuwa na sharti la kumlinda, hiyo ndiyo adhabu yake. Asilimia 10 ya 355,000 ni euro 35,500. Kati ya 43,000 mlizoweka kwa jasho, mngebakiwa na 7,500, bila nyumba ya Dordrecht wala ya Tanga. Na uwezekano wa benki kukataa haupo mbali kwenu, kwa sababu mnahitaji mishahara miwili na mmoja ni wa mkataba wa mwaka. Benki nyingi zitataka barua ya mwajiri wa mumeo inayosema ana nia ya kumwajiri kwa kudumu. Isipopatikana, wataangalia wastani wa mapato yake ya miaka mitatu. Je, barua hiyo mnayo? Hukuitaja, na mimi ningependa kuijua kabla ya kujua rangi ya vioo vya mlangoni.

Hata mambo yakienda vizuri, hesabu ya akiba inahitaji kuwekwa mezani wazi. Benki hukopesha mpaka thamani ya nyumba kama ilivyotathminiwa, siyo mpaka bei mliyoitaja. Mtathmini akisema 340,000, zile 15,000 za juu zinatoka mfukoni kwenu. Kodi ya kuhamisha umiliki ni asilimia 2, yaani 7,100 ikiwa mumeo naye ametimiza miaka 35, kwa kuwa msamaha wa wanunuzi wa mara ya kwanza unaishia kwa walio chini ya umri huo. Ongeza mthibitishaji wa hati, mtathmini, mshauri wa mkopo na dhamana ya taifa ya mikopo ya nyumba, ile wanayoiita NHG. Zote hizo zikifika 6,000, mtakuwa mmetumia 28,100 na kubakiwa na kama 15,000, kabla hamjagusa dirisha hata moja la nyumba inayovuja joto. Dhamana ya NHG ni jambo la kuuliza kwa makini: mwaka 2025 ilihusu nyumba zisizozidi euro 450,000, na kwa watu wenye mkataba wa kazi usio imara ina maana kubwa, kwa sababu mkilazimika kuuza kwa hasara kutokana na kupoteza kazi, ugonjwa au talaka, deni linalobaki linaweza kusamehewa kwa masharti yake.

Ndiyo maana nasita unapoandika kwamba mumeo anasema unaichukua nyumba ya Tanga, kana kwamba anatia chumvi. Kwa hesabu hii, hatii. Fedha ile ilikuwa na jina tangu senti ya kwanza, na mnapoibadilisha jina mnavunja makubaliano, hata kama sababu ya kuyavunja ni nzuri kama binti wa miaka 12 anayetaka mlango wake wa kufunga. Makubaliano huweza kufanywa upya. Inawezekana, kwa mfano, mkanunua nyumba ya bei ya chini zaidi na kuacha sehemu ya akiba ianze msingi Mikanjuni. Inawezekana mkajenga kwanza vyumba viwili vya nyuma Tanga na kusubiri mkataba wa kudumu wa mumeo. Inawezekana pia mkaomba shirika la nyumba liwape nyumba kubwa zaidi ya kupanga, ingawa foleni zao ni za miaka. Kila njia ina bei. Kusubiri kunaweza kumaanisha bei za nyumba kupanda huku binti akimaliza utoto wake ghorofani. Na jambo ambalo watu husahau: nyumba ya kupanga ya shirika ukishairudisha, kuipata tena si rahisi, hivyo msitoe notisi mpaka hati ya nyumba mpya iwe imesainiwa.

Kuhusu riba, mimi si mwanachuoni na sitatoa fatwa gazetini. Nitakueleza tu lililopo hadharani. Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti liliruhusu, kwa masharti, Mwislamu wa Ulaya asiye na njia nyingine anunue kwa mkopo nyumba ya kuishi yeye na watu wake. Na wapo wanachuoni walioipinga fatwa hiyo na wanaoendelea kuipinga. Kwa hiyo mumeo hajazua jambo, wala nawe hutafuti mlango ambao hakuna aliyewahi kuupita. Mwendeeni pamoja mwanachuoni mnayemheshimu nyote wawili. Lakini lile la gari, tafadhali, usimrushie. Mtu huweza kukosea katika deni dogo na kuogopa kwa dhati deni la miaka 30, na ukimshinda kwa hoja hiyo atanyamaza bila kuwa amekubali.

Sasa ukimya wa mtaa. Wewe umeusikia kama raha na yeye ameusikia kama upweke, na hakuna kati yenu aliyezungumza na mtu hata mmoja anayeishi humo. Katika nyumba nyingi za safu za miaka ya 1930 boriti za sakafu zimeegemezwa kwenye ukuta wa katikati, hivyo nyayo za ngazini na televisheni ya jirani husikika, na zenu zitasikika kwao. Swali la pilau la maulidi ni la maana kuliko linavyoonekana. Sijui majirani hao ni watu wa namna gani, lakini najua kwamba katika nchi hiyo mgeni wa mtaa ndiye anayetarajiwa kubisha hodi na kujitambulisha, na kwamba jirani aliyeambiwa mapema kuwa Jumamosi kutakuwa na wageni huvumilia mengi kuliko aliyeshtukizwa. Hakuna kinachowazuia kwenda sasa. Piteni jioni moja, wewe na mumeo, mbisheni hodi kwa nyumba za kushoto na kulia, mwulizeni kama wamewahi kupima msingi na kama mtaa una watoto. Wanaoshiriki msingi na nyumba hiyo ndio haohao watakaosikia kicheko cha wageni wenu, na katika robo saa ya kusimama mlangoni mtajua mengi kuhusu mambo yote mawili.

Nimeyaacha mwisho mazito zaidi kwangu. Nimeipitia barua yako nikimtafuta mumeo, na kila anapotokea amesimama pembeni. Nyumba umeipata wewe, maswali umeuliza wewe, dalali umezungumza naye wewe, na yeye anapata habari nyumbani, kwa maneno yako, baada ya mambo kupita. Najua hukufanya kwa ubaya. Ndiyo hali ya familia nyingi za ughaibuni, mwenye lugha ndiye hubeba mzigo wote, na mzigo huo nao unachosha. Lakini jiulize kama anachokataa ni nyumba, au ni kutia saini deni kubwa kuliko yote maishani mwake katika mazungumzo ambayo hakuyasikia kwa masikio yake. Riba, Tanga na pilau vinaweza kuwa sababu za kweli kabisa, na bado nyuma yake kukawa na jambo hilo asiloweza kulisema kwa mkewe. Mthibitishaji wa hati naye halichukulii kwa wepesi: mtu asiyeelewa Kiholanzi vya kutosha huhitaji mkalimani, kwa kawaida aliyeapishwa, siku ya kusaini. Msisubiri siku hiyo. Tafuteni mshauri wa mkopo atakayekaa na mumeo pamoja na mkalimani asiyekuwa wewe, aulize anachotaka, hata maswali ambayo asingependa uyasikie. Hatari yake ni kwamba anaweza kutoka humo akiwa na "hapana" iliyo imara zaidi. Utakuwa tayari kuisikia? Unaandika kwamba baadaye atakushukuru. Huenda. Lakini mkopo huo mtaulipa wawili kila mwezi, na shukrani ya baadaye haisaidii mwezi ambao mkataba wake haukuhuishwa.

Mama yako, kwa jinsi ulivyomnukuu, hakukataza. Aliuliza. Nyumba ya Uholanzi huuzwa kama ilivyonunuliwa, na wapo walionunua na wakarudi nyumbani, kama walivyopo waliopanga maisha yao yote na hawakurudi. Ila swali lake ni lenu ninyi wawili kwanza, na sidhani kama mmeshawahi kulijibu mbele ya kila mmoja: mnarudi lini, mnarudi na nani, na watoto waliozaliwa na kusoma huko mnawaweka wapi katika mpango huo? Jibu likiwa "baada ya miaka mitano", hesabu ya kununua ina sura moja. Likiwa "tukistaafu", ina sura nyingine kabisa.

Mwisho wa mwezi ujao ukifika hamjaelewana, kuiacha nyumba hii ipite ni njia halali pia, japo najua itakuuma. Mkiamua kutoa bei, mnaweza kuitoa ndogo kuliko 355,000, na mnaweza kuitoa mkiwa na masharti yenu. Mbaya zaidi wataikataa. Na mkisaini mkataba wa kununua, sheria inawapa siku tatu za kufikiri tena na kujitoa bila kutoa sababu wala kulipa chochote, kuanzia siku inayofuata baada ya kukabidhiwa nakala iliyosainiwa na pande zote. Muda huo hata dalali mpole hawezi kuwaomba muuache. Mpe mumeo nakala hiyo mkononi mwake siku ya kwanza, siyo ya tatu.